Nasaba za miungu na binadamu katika mitholojia ya Kigiriki

Nasaba za miungu na binadamu katika mitholojia ya Kigiriki ni masimulizi ya uzao yaliyounganisha miungu ya Ugiriki ya Kale, mashujaa na koo za kifalme katika ukoo mmoja mpana. Zinaanza na nguvu za kwanza za ulimwengu, kama vile Chaos (Ombwe) na Gaia (Dunia), zinapitia kwa Watitani na miungu ya Olympos, kisha zinashuka hadi kwa mashujaa wa Vita vya Troia na watoto wao.

Wagiriki wa Kale hawakuwa na kitabu kimoja kitakatifu kilichopanga nasaba hizo. Kila mji ulikuwa na masimulizi yake, na kila mshairi aliweza kuyapanga upya. Ndiyo sababu shujaa mmoja huweza kutajwa kuwa na baba wawili au watatu tofauti, kutegemea mwandishi. Tofauti hizo hazikuwa mchezo wa wasomi tu. Nasaba ilitumika kudai ufalme na ardhi, kuomba msaada wa mji mwingine na hata kuthibitisha nani ni Mgiriki na nani si Mgiriki.

Vyanzo

Chanzo kikuu cha nasaba za miungu ni Theogonia (maana yake "uzao wa miungu"), utenzi wa mshairi Hesiodos kutoka Boiotia uliotungwa karibu na mwaka 700 KK. Una mistari takriban 1,000, na sehemu kubwa yake ni orodha za nani alimzaa nani.

Utenzi mwingine, Orodha ya Wanawake, uliendeleza kazi hiyo kwa kueleza wanawake binadamu waliozaa na miungu na koo zilizotokana nao. Watu wa kale waliamini kwamba ni kazi ya Hesiodos, lakini wataalamu wengi wa leo wanauona kuwa wa mtu mwingine wa baadaye. Ulikuwa na vitabu 5. Umebaki katika vipande tu, vingi vikiwa vimepatikana kwenye mafunjo yaliyofukuliwa nchini Misri.

Iliadi na Odisei za Homeros zina nasaba nyingi zinazotamkwa na mashujaa wenyewe. Katika karne ya 6 na ya 5 KK waandishi wa nathari kama Hekataios wa Mileto, Akusilaos wa Argos, Pherekydes wa Athens na Hellanikos wa Lesbos walikusanya masimulizi hayo na kujaribu kuyapatanisha. Mkusanyiko kamili zaidi uliobaki ni Bibliotheke, ambao zamani ulidhaniwa kuwa wa Apollodoros wa Athens, lakini uliandikwa katika karne ya 1 au ya 2 BK. Sehemu yake ya mwisho imebaki kwa muhtasari tu.

Kutoka Chaos hadi Kronos

Kwa mujibu wa Hesiodos, kwanza alitokea Chaos, kisha Gaia, Tartaros (kilindi cha chini ya dunia) na Eros (Mapenzi). Kutoka Chaos walizaliwa Erebos (Giza) na Nyx (Usiku). Hao wawili walimzaa Aither (anga angavu) na Hemera (Mchana). Gaia alizaa bila mume Uranos (Mbingu), Milima na Pontos (Bahari).

Gaia alipolala na Uranos walizaliwa makundi matatu:

- Watitani 12: Okeanos, Koios, Krios, Hyperion, Iapetos, Theia, Rhea, Themis, Mnemosyne, Phoibe, Tethys na Kronos aliyekuwa mdogo wao wote
- Wakyklopi 3 wenye jicho moja: Brontes, Steropes na Arges
- Majitu 3 yenye mikono 100 kila moja: Kottos, Briareos na Gyges

Uranos aliwachukia watoto wake, akawazuia wasitoke tumboni mwa Gaia. Gaia alitengeneza mundu, na Kronos peke yake akathubutu kuutumia: alimhasi baba yake. Damu iliyodondoka ardhini ilizaa Waerinye (miungu ya kisasi), Wagiganti na nimfa wa miti. Sehemu iliyotupwa baharini ilitoa povu, na kutoka povu hilo alizaliwa Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi.

Kronos alimwoa dada yake Rhea. Alikuwa ameambiwa kwamba naye atapinduliwa na mwanawe, hivyo alimmeza kila mtoto aliyezaliwa: Hestia, Demeter, Hera, Hades na Poseidon. Zeus alipozaliwa, Rhea alimficha Krete na kumpa Kronos jiwe lililofungwa katika nguo za mtoto. Zeus alipokua, Kronos alilazimika kuwatapika wote. Vita kati ya miungu vijana na Watitani viliendelea miaka 10, na Watitani walioshindwa wakafungwa Tartaros.

Mfuatano huu wa watawala watatu, kila mmoja akimpindua aliyemtangulia, unafanana na masimulizi ya Mashariki ya Kati. Mabamba ya udongo ya Wahiti yaliyofukuliwa Hattusa, katika Uturuki ya leo, yanasimulia jinsi mungu Kumarbi alivyomng'ata na kumhasi Anu, mungu wa mbingu, kisha ufalme ukaenda kwa Teshub, mungu wa dhoruba. Mabamba hayo ni ya kale kuliko Hesiodos kwa karne kadhaa.

Zeus na watoto wake

Zeus aliepuka yaliyowapata baba na babu yake. Mke wake wa kwanza, Metis (Busara), alipokuwa na mimba, Zeus alimmeza yeye mwenyewe badala ya kusubiri mtoto azaliwe. Athena alizaliwa baadaye kutoka kichwani mwa Zeus, na mwana aliyetabiriwa kumpindua hakuzaliwa kamwe. Kwa njia hiyo mlolongo wa mapinduzi ulikoma.

Theogonia inawataja wake na wapenzi wa Zeus kwa utaratibu huu:

- Metis, mama wa Athena
- Themis (Sheria), mama wa Horai (miungu ya majira) na Moirai (miungu ya majaliwa)
- Eurynome, mama wa Charites 3
- Demeter, dada yake, mama wa Persephone
- Mnemosyne (Kumbukumbu), mama wa Muse 9
- Leto, mama wa Apollon na Artemis
- Hera, dada yake na malkia, mama wa Hebe, Ares na Eileithyia
- Maia binti Atlas, mama wa Hermes
- Semele, mwanamke wa Thebai, mama wa Dionysos
- Alkmene, mwanamke wa ukoo wa Perseus, mama wa Herakles

Orodha hiyo ina maana yake. Zeus anaungana kwanza na Busara, kisha na Sheria, na watoto wanaozaliwa na Sheria wanaitwa Utaratibu, Haki na Amani. Kwa Hesiodos, nasaba ilikuwa namna ya kueleza ulimwengu: kitu kinachotokana na kingine kilielezwa kama mtoto na mzazi. Ndiyo maana Usiku anatajwa kuwa mama wa Usingizi, Mauti, Ndoto na Ugomvi.

Asili ya binadamu na ukoo wa Hellen

Titani Iapetos alizaa Atlas, Menoitios, Prometheus na Epimetheus. Prometheus aliiba moto na kuwapa binadamu. Epimetheus alimpokea Pandora, mwanamke wa kwanza. Deukalion mwana wa Prometheus alimwoa Pyrrha, binti wa Epimetheus na Pandora. Zeus alipoleta gharika, wawili hao waliokoka katika sanduku kubwa. Baada ya maji kukauka walitupa mawe nyuma yao, na mawe hayo yakageuka watu.

Mwana wao Hellen ndiye aliyehesabiwa kuwa babu wa Wagiriki wote, ambao mpaka leo hujiita Wahelleni. Wanawe walikuwa Doros, Xuthos na Aiolos, na Xuthos alizaa Ion na Achaios. Hivyo makundi makubwa ya Wagiriki, yaani Wadori, Waaioli, Waioni na Waachaia, yalielezwa kama uzao wa babu mmoja. Wataalamu huona hapa majina ya makabila yaliyogeuzwa kuwa majina ya watu ili undugu wa makabila hayo uweze kusimuliwa.

Koo kuu za mashujaa

Uzao wa Io

Io, binti wa mto Inachos wa Argos, alipendwa na Zeus. Aligeuzwa ng'ombe na kutangatanga hadi Misri, ambako alimzaa Epaphos. Epaphos alimzaa Libye, ambaye jina lake Wagiriki waliliita bara la Afrika kadiri walivyolijua. Libye alizaa na Poseidon mapacha Belos na Agenor.

Belos aliwazaa Aigyptos (anayetajwa kuwa asili ya jina la Misri) na Danaos. Aigyptos alikuwa na wana 50, Danaos mabinti 50. Danaos alirudi Argos na mabinti zake, wakalazimishwa kuolewa na binamu zao. Usiku wa arusi mabinti 49 waliwaua waume zao. Hypermestra peke yake alimwacha hai Lynkeus, na kutoka kwao mstari uliendelea hivi:

- Hypermestra na Lynkeus walimzaa Abas
- Abas alimzaa Akrisios
- Akrisios alimzaa Danae
- Danae na Zeus walimzaa Perseus
- Perseus na Andromeda waliwazaa Alkaios, Elektryon, Sthenelos na wengine
- Elektryon alimzaa Alkmene
- Alkmene na Zeus walimzaa Herakles

Andromeda alikuwa binti wa Kepheus, mfalme wa Aithiopia. Jina hilo kwa Wagiriki lilimaanisha nchi za mbali za watu weusi kusini mwa Misri au mashariki, si lazima Ethiopia ya leo.

Katika Iliadi inasimuliwa kwamba Zeus aliapa kuwa mtoto wa damu yake atakayezaliwa siku ile atawatawala jirani zake wote. Alimfikiria Herakles. Hera alichelewesha uchungu wa Alkmene na kuharakisha kuzaliwa kwa Eurystheus mwana wa Sthenelos, ambaye naye alikuwa wa damu ya Zeus kupitia Perseus. Kwa hiyo Eurystheus akawa mfalme, na Herakles akalazimika kumtumikia.

Thebai na Krete

Agenor, ndugu wa Belos, alikuwa mfalme wa Foinike. Binti yake Europa alichukuliwa na Zeus aliyejigeuza fahali, akamzalia Minos, Rhadamanthys na Sarpedon. Kaka yake Kadmos aliondoka kumtafuta na kuishia kujenga Thebai. Alimwoa Harmonia, binti wa Ares na Aphrodite. Watoto wao walikuwa Autonoe, Ino, Semele, Agaue na Polydoros. Polydoros alimzaa Labdakos, Labdakos akamzaa Laios, na Laios akamzaa Oidipus.

Oidipus alimuua baba yake na kumwoa mama yake Iokaste bila kujua. Eteokles, Polyneikes, Antigone na Ismene walikuwa hivyo watoto wake na pia ndugu zake kwa upande wa mama. Ni mfano wa nasaba iliyojikunja yenyewe, na washairi wa tamthilia za Athens waliurudia mara nyingi.

Uzao wa Tantalos

Tantalos mwana wa Zeus alimchinja mwanawe Pelops na kuwaandalia miungu nyama yake. Miungu ilimfufua Pelops, ambaye baadaye alimwoa Hippodameia na kuzaa Atreus na Thyestes. Ndugu hao waligombea ufalme wa Mykenai, na Atreus akamlisha Thyestes nyama ya wanawe. Agamemnon na Menelaos walikuwa wana wa Atreus, na Aigisthos mwana wa Thyestes. Agamemnon alimtoa sadaka binti yake Iphigeneia. Mkewe Klytaimnestra alimuua akishirikiana na Aigisthos, na Orestes mwana wa Agamemnon akalipiza kisasi kwa kumuua mama yake.

Uzao wa Aiakos

Zeus na nimfa Aigina walimzaa Aiakos. Wanawe walikuwa Peleus na Telamon. Telamon alimzaa Aias. Peleus alimwoa Thetis, mungu wa kike wa bahari. Kwa masimulizi fulani, Zeus na Poseidon wote walimtaka Thetis, lakini ilitabiriwa kwamba mwanawe atakuwa mkuu kuliko baba yake. Ili asizaliwe mpinduzi mwingine, Thetis aliozwa kwa binadamu, na mwana huyo akawa Achilles.

Wafalme wa Troia

Zeus na Elektra binti Atlas walimzaa Dardanos. Dardanos alimzaa Erichthonios, naye akamzaa Tros. Tros alikuwa na wana watatu: Ilos, Assarakos na Ganymedes. Ilos alikuwa baba wa Laomedon na babu wa Priamos, baba wa Hektor na Paris. Assarakos alikuwa baba wa Kapys na babu wa Anchises, ambaye alimzaa Aineias na Aphrodite. Aineias mwenyewe anaitaja nasaba hii katika kitabu cha 20 cha Iliadi, akisimama mbele ya Achilles kabla ya kupigana naye.

Tofauti kati ya masimulizi

Vyanzo havikubaliani katika mambo mengi:

- Aphrodite alizaliwa kutoka povu kwa mujibu wa Hesiodos, lakini kwa Homeros ni binti wa Zeus na Dione.
- Hephaistos ni mwana wa Hera bila baba kwa Hesiodos, lakini kwa Homeros ni mwana wa Zeus na Hera.
- Moirai wana wazazi tofauti ndani ya Theogonia yenyewe: mahali pamoja ni mabinti wa Usiku, na pengine ni mabinti wa Zeus na Themis.
- Helena kwa kawaida ni binti wa Zeus na Leda, lakini simulizi lingine linamtaja Nemesis kuwa mama yake.
- Europa ni binti wa Agenor kwa waandishi wengi, lakini katika Iliadi ni binti wa Phoinix.

Tatizo jingine lilikuwa hesabu ya vizazi. Sarpedon anatajwa kuwa ndugu wa Minos, aliyeishi muda mrefu kabla ya Vita vya Troia, lakini Sarpedon anauawa katika vita hivyo. Homeros hana shida hiyo, kwani kwake Sarpedon ni mwana wa Zeus na Laodameia. Bibliotheke inasema kwamba Zeus alimruhusu kuishi vizazi vitatu. Diodoros wa Sicilia aliwagawa kuwa watu wawili, babu na mjukuu wenye jina moja.

Nasaba na siasa

Wafalme wawili wa Sparta, waliotawala kwa pamoja, walidai kuwa uzao wa Herakles kupitia mapacha Eurysthenes na Prokles. Kwa kuwa Herakles alinyimwa ufalme wake, kuingia kwa Wadori katika rasi ya Peloponesi kulielezwa kuwa kurudi kwa warithi halali, si uvamizi.

Herodotos anasimulia kwamba Aleksander I wa Makedonia alipotaka kushindana katika michezo ya Olimpia, washindani walimpinga kwa sababu michezo ilikuwa ya Wagiriki peke yao. Alithibitisha kwamba ukoo wake ulitoka Argos, akakubaliwa na kukimbia. Mzao wake Aleksander Mkuu alijihesabu kuwa wa damu ya Herakles kwa baba na ya Achilles kwa mama.

Athens ilijivunia kwamba wafalme wake wa kwanza walizaliwa na ardhi yenyewe. Katika tamthilia Ion, Euripides alibadilisha nasaba ya Hellen: Ion akawa mwana wa mungu Apollon na binti mfalme wa Athens, na Doros akawa mdogo wake kwa mama. Wadori, waliokuwa maadui wa Athens katika vita vya wakati huo, wakashushwa nafasi katika ukoo.

Mfano ulio wazi zaidi umeandikwa juu ya jiwe lililopatikana karibu na Xanthos, kusini-magharibi mwa Uturuki ya leo. Mwaka 206 au 205 KK wajumbe wa Kytenion, mji mdogo wa Ugiriki ya kati ulioharibiwa na tetemeko la ardhi na vita, walifika Xanthos kuomba fedha za kujenga upya kuta zao. Walieleza kwa urefu jinsi miji hiyo miwili ilivyokuwa na undugu kupitia miungu na mashujaa. Watu wa Xanthos waliukubali undugu huo, lakini walikuwa na madeni. Walitoa drakma 500 na kuagiza maelezo yote yachongwe kwenye jiwe.

Waroma nao walijiunga na ukoo huu kupitia Aineias. Mwaka 69 KK Julius Caesar, akimzika shangazi yake Julia, alitangaza kwamba familia yao ilitokana na mungu wa kike Venus, ambaye Wagiriki walimwita Aphrodite. Baadaye Kaisari Claudius aliwasamehe kodi watu wa Ilion, mji uliokuwa mahali pa Troia, kwa kuwa walihesabiwa kuwa asili ya Waroma.

Wakosoaji wa kale

Si Wagiriki wote walioziamini nasaba hizo. Herodotos anaeleza kwamba Hekataios alipofika Thebai ya Misri alijivuna kuwa babu yake wa 16 alikuwa mungu. Makuhani walimwonyesha sanamu 345 za mbao, kila moja ya kuhani mkuu aliyemrithi baba yake, na kumwambia kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa na mungu. Herodotos, aliyehesabu vizazi vitatu kuwa miaka 100, alitambua kwamba nasaba za Wagiriki zilikuwa fupi mno kulinganisha na kumbukumbu za Wamisri.

Plato aliwacheka wale wanaojisifu kwa orodha ya mababu 25 hadi Herakles. Alieleza kwamba kila mtu ana mababu wasiohesabika, na kati yao wamo matajiri na maskini, wafalme na watumwa.

Baada ya zama za kale

Wagiriki walisimulia nasaba kwa maneno; hawakuzoea kuzichora kama mti. Katika karne ya 14 mwandishi Mwitalia Giovanni Boccaccio alikusanya nasaba za miungu katika vitabu 15 kwa lugha ya Kilatini, akaongeza michoro ya miti ya ukoo. Kazi hiyo ilitumiwa na wachoraji na washairi wa Ulaya kwa muda wa karne mbili hivi.

Miti ya ukoo inayochapishwa leo huchagua simulizi moja kwa kila mtu ili mistari isigongane. Inasaidia kuonyesha uhusiano kati ya wahusika, lakini inaficha tofauti za vyanzo ambazo kwa Wagiriki wenyewe zilikuwa na uzito mkubwa.